Je, Kimya Nacho Huuzwa?

Twapenda kuwawekea wasomaji wetu mas-ala moja iliyoletwa mbele ya darsa yetu hapa Adams Arcade, nasi tukashindwa kuijibu usiku ule ule.

Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Watu walikuwa wamekwisha ondoka, wengine kwenda Woodley na wengine kuteremka Kibera, akabaki kijana mmoja ambaye asili yake ni Lamu. Kijana huyu amesoma chuoni kwa maalim, kisha akasoma Chuo Kikuu hapa Nairobi, na kwa tabia yake hatujamwona na ila. Akasema: "Sheikh, nina neno lanikera moyoni. Kazi yangu ni kutafsiri khabari kwa Kiswahili katika nyumba moja ya khabari ya kigeni. Tangu nianze kazi sijaambiwa hata siku moja niandike uwongo. Lakini yako mambo nayajua kuwa yametukia, na najua pia kuwa hayatafika mezani kwangu kamwe. Je, mshahara ninaoula ni halali?"

Tukamwambia: "Mwanetu, tupe juma moja." Nyumba ya khabari anayoifanyia kazi hatukumwuliza jina lake, wala si muradi wetu kuijua. Lakini katika kulitafuta jibu tulijikuta kila mara twarejea kwenye khabari za Uchina, kwa sababu ndiyo dola ambayo sauti yake imezidi sana masikioni mwetu katika miaka hii 20, na pia kwa sababu dola hiyo haikuficha inavyotaka vyombo vyake viwe.

Kwanza na tukumbuke kuwa sisi watu wa Mwambao si wageni wa jambo hili. Wazee wetu walikaa barazani na redio zao wakisikiliza Cairo, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwachochea watu dhidi ya Mwingereza. Mwaka 1957 London nayo ikafungua idhaa yake ya Kiswahili. Peking ikafuata mwaka 1961, na Ujerumani ya Magharibi mwaka 1963. Hapana hata mmoja kati ya hao aliyejifunza lugha yetu kwa mapenzi ya mashairi yetu. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na wazee wetu walilijua hilo. Walikuwa wakisikiliza huku, kisha wakisikiliza kule, ndipo wakitoa shauri lao.

Ama siku hizi mambo yamekuwa mapana zaidi. Januari mwaka 2006 Redio ya Kimataifa ya Uchina ilifungua hapa Nairobi kituo chake cha kwanza cha FM nje ya nchi yake, katika masafa ya 91.9, kikisema Kiswahili, Kiingereza na Kichina. Tarehe 11 Januari 2012 ikazinduliwa hapa hapa televisheni ya CCTV Africa, ambayo tangu mwisho wa mwaka 2016 yaitwa CGTN Africa. Desemba mwaka ule ule wa 2012 gazeti la China Daily likaanza kutoa toleo lake la Afrika. Shirika la Xinhua lina ofisi yake kubwa katika mji huu, na khabari zake huchapwa na magazeti kadhaa ya nchi zetu, jina la shirika likiwekwa kwa herufi ndogo ambazo msomaji mwingi huzipita. Kampuni ya StarTimes nayo yauza ving'amuzi mpaka mashambani; na katika mkutano wa viongozi wa Uchina na Afrika uliofanywa Johannesburg Desemba 2015, Uchina iliahidi kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya bara hili.

Vyombo hivi vyaongozwaje huko kwao? Jibu hatuhitaji kulitafuta kwa maadui zao. Februari mwaka 2016 Rais Xi Jinping alizuru nyumba kubwa za khabari za serikali mjini Beijing, na akaeleza waziwazi kuwa vyombo hivyo sharti vichukue jina la ukoo la Chama. Yaani Chama ndicho baba, na mtoto hamkani babake. Machi mwaka 2018 redio ya taifa, redio ya kimataifa na televisheni ya taifa ziliunganishwa kuwa shirika moja, likawekwa chini ya idara ya Chama inayohusika na kueneza fikira zake. Kwa hiyo asemaye kuwa huo ni uvumi wa Wazungu hajui asemalo. Ni sera, imetangazwa na wenyewe.

Lakini uadilifu ni wajibu hata kwa mtu usiyekubaliana naye, basi na tuyataje mema pia. Kwa miaka mingi magazeti na televisheni za Ulaya na Marekani hazikumwonyesha Mwafrika illa akiwa na njaa, au akiwa na bunduki, au akifukuza nzi usoni. Wachina walipokuja walionyesha masoko, viwanda, wavuvi, na vijana waliobuni vitu. Vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, wamepata huko kazi na ujuzi wa kamera na uhariri. Mwaka 2011 televisheni ya Tanzania ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, khabari ya mwanamke kijana aitwaye Mao Doudou na mama wakwe zake, na watu wakaupenda, kwa sababu mama mkwe ni mama mkwe, awe Beijing au Bagamoyo. Haya ni mema, na mwenye kuyakanusha hana insafu.

Tena hao wengine nao si malaika. Redio ya Marekani, iliyokuwa ikitufundisha miaka nenda miaka rudi uhuru wa khabari, ilinyamazishwa Machi 2025 kwa amri ya Rais wa nchi hiyo mwenyewe, na idhaa yake ya Kiswahili ikakatika ghafula. London nayo ilianza kusema nasi kwa Kiswahili wakati bendera yake ikipepea Mombasa na Unguja. Basi akituambia mtu kuwa Mchina peke yake ndiye mwenye haja katika khabari, tutamwomba atupunguzie.

Sasa ndipo twafika kwenye mas-ala yenyewe. Kijana wetu hakulalamika kuwa aandikishwa uwongo. Alilalamikia kimya. Na watu wengi hudhani kuwa kimya si kitu: maadamu nililosema ni kweli, nimesalimika.

Na tutazame jambo lililotukia Afrika Kusini. Mwaka 2013 kundi kubwa la magazeti ya huko liitwalo Independent Media lilinunuliwa, na mashirika mawili yenye nasaba na serikali ya Uchina yakapata sehemu 20 katika 100. Septemba mwaka 2018 mwandishi Azad Essa, aliyekuwa na safu yake katika magazeti hayo, aliandika juu ya Waislamu wa Kiuighur wa jimbo la Xinjiang na namna wanavyofungwa kwa maelfu. Mara baada ya hapo akaambiwa safu yake haipo tena. Wenye magazeti walitoa sababu nyingine, naye hakuikubali. Msomaji na apime mwenyewe. Sisi twataka kusema neno moja tu: hapana mtu aliyemlazimisha Azad Essa kuandika uwongo. Kilichotakiwa kwake ni kutokuwapo.

Tena jambo aliloliandika halikuwa dogo. Tarehe 31 Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake juu ya Xinjiang, ikasema kuwa yaliyofanywa huko huenda yakawa ni makosa dhidi ya ubinadamu. Serikali ya Uchina yakanusha, yasema ilikuwa ikipambana na siasa kali na kuwafundisha watu kazi. Oktoba mwaka huo likaletwa katika Baraza la Haki za Binadamu ombi la kuijadili tu ripoti hiyo. Si kuhukumu, kujadili. Nchi 17 zilikubali, 19 zilikataa, na 11 hazikupiga upande wowote. Miongoni mwa waliokataa zilikuwamo nchi za Kiislamu zenye majina makubwa. Katika nchi za Afrika, iliyokubali ni moja tu, nayo ni jirani yetu Somalia. Tukiona hivi twajua kuwa kimya hakinunuliwi magazetini tu. Hununuliwa pia katika mabaraza ya wafalme na marais, nao ni watu wasalio na wafungao.

Walakini tusimtupie Mchina kila kosa, maana kimya kingine ni cha nyumbani. Ndugu zetu wa Mombasa waijua reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Waijua zaidi tangu mwaka 2019, mizigo ya bandarini ilipoamriwa ipande reli, na madereva wa malori, makuli, na wenye maghala na mikahawa ya Mariakani wakabaki kukunja mikono. Watu waliandamana wakidai riziki zao. Mkataba wa mkopo wa reli hiyo uliwekwa sahihi mwaka 2014, na raia aliyekuwa akiulipa hakuruhusiwa kuusoma. Walitoka watu wa Mwambao wakaenda mahakamani. Mei mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamuru serikali iitoe mikataba hiyo, na Novemba mwaka ule ule waziri mpya akatoa baadhi ya kurasa zake. Miaka minane watu walilipa deni lililofunikwa. Aliyelifunika si mtangazaji wa Beijing. Ni watu wetu, tuliowachagua kwa vidole vyetu. Na katika miaka hiyo minane picha za gari-moshi jipya zilikuwa zikionyeshwa kila siku, tena zilikuwa picha za kweli, gari-moshi zuri kweli.

Basi nini hukumu ya kweli iliyochaguliwa? Kila mtoto wa chuoni aijua khabari ya muuza nafaka katika soko la Madina. Aliweka nafaka kavu juu na yenye maji chini. Mtume, rehema na amani zimshukie, akatia mkono wake ndani ya fungu, vidole vikatoka na umaji. Mtu yule akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akaonywa kwa onyo kali kuwa mwenye kughushi hayumo katika jamaa ile.

Na tuitazame khabari hii vizuri. Yule mtu hakusema uwongo hata neno moja. Hakuuza mchanga akauita ngano. Kila punje iliyokuwa juu ilikuwa ni punje ya kweli, kavu, safi. Kosa lake lilikuwa katika mpango: lililofaa kuonekana aliliweka chini. Naye mnunuzi akatoa fedha zake kwa kuamini fungu zima. Kwa hiyo kimya kikitumiwa kumfanya mtu aamini lisilokuwapo, kimya hicho ni ghishi, na bei iliyopatikana kwacho ina doa. Khabari ni biashara kama nafaka. Bali ni kubwa zaidi, maana mwenye nafaka mbovu huumwa tumbo siku mbili, na mwenye khabari mbovu hupiga kura, huchukia, hupenda na huhukumu kwayo miaka mingi.

Huenda msomaji akatuuliza: "Ikiwa hivyo, kila chombo kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana analolificha. Je, tuzibe masikio?" Hasha. Kusema kuwa wote ni sawa ni uvivu wa akili, na huo nao wamfaa mwenye kughushi. Iko mizani nyepesi ambayo hata asiyesoma aweza kuitumia. Uliza: chombo hiki kimepata kumsema mwenye kukilisha? Mwaka 2003 BBC ilitangaza kuwa serikali ya Uingereza ilitia chumvi khabari za silaha za Iraq. Ukazuka ugomvi mkubwa, na Januari 2004 mwenyekiti wake na mkurugenzi wake mkuu wakajiuzulu. Walitoa gharama, lakini neno lilisemwa, na likasemwa katika chombo chenyewe. Wale watangazaji wa Marekani walionyamazishwa mwaka 2025 walikwenda mahakamani kuishtaki serikali yao. Sasa utafute mfano kama huo katika vyombo vilivyochukua jina la ukoo la Chama. Utakapousikia, tuarifu, nasi tutaupiga chapa hapa kwa furaha.

Tena mizani hiyo hiyo na tujipimie sisi wenyewe, kabla hatujapimiwa na wengine. Hapa yatupasa kusema jambo ambalo tungependa zaidi kulinyamazia.

Waraka huu mnaousoma hauna matangazo. Karatasi na gharama za kupiga chapa hutolewa na watu wema. Mwaka uliopita mfadhili mmoja alitulipia matoleo matatu mfululizo, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake njema. Kisha akaja kwetu mjane mmoja aliyekuwa mpangaji katika nyumba ya wakfu, akatueleza kuwa yeye na wenziwe wametolewa, na mahali pale pamefanywa ghala. Tukachunguza, tukaona maneno yake ni kweli, na tukaona pia kuwa mwenye ghala ana ujamaa na mfadhili wetu. Mfadhili hakututisha. Alisema tu, kwa adabu, huku akinywa kahawa yetu: "Masheikh, jambo hilo si la gazetini, la kusuluhishwa nyumbani." Tukaitika. Toleo lile tuliandika makala ndefu juu ya fadhila za kutoa wakfu, na kila neno lililokuwamo lilikuwa kweli. Yule mjane hatukumtaja.

Siku kijana wa Lamu alipotuuliza suali lake, hilo ndilo lililotufunga midomo, wala si ugumu wa fiq-hi. Tulikuwa twaulizwa khabari za fungu lake, na mkono wetu wenyewe ulikuwa na maji.

Baada ya juma moja alirudi, nasi tukamjibu hivi. Kutafsiri neno la kweli kwa ujira ni kazi halali, awe mwenye kukuajiri ni Mchina, Mwingereza au Mwarabu; wazee wetu walikuwa wakalimani wa manahodha wa kila taifa, na hapana aliyewaharamishia. Lakini yako mambo matatu. La kwanza, usitie mkono wako katika khabari ambayo wajua kuwa lililoachwa ndilo liligeuzalo lililosemwa. Neno dogo lililoachwa si kitu. Lakini ukimsifu mpishi na ukaficha sumu, wewe ni mshirika wake. La pili, popote ulipo usilifiche jina la mwenye duka. Mtu akikuuliza kwenu, sokoni au msikitini, mwambie: khabari hii yatoka kwa fulani, na fulani ana haja hii, nafaka yenye maji uiweke juu. La tatu, siku utakapotakiwa kunyamaza juu ya dhulma iliyowafika watu ambao wewe ndiwe uwezaye kuwasemea, siku hiyo ndiyo siku ya kuondoka, japo mwezi haujaisha na kodi ya nyumba haijalipwa.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, kodi ya nyumba Nairobi mwaijua. Na Lamu wanangojea nitume." Tukamwambia twaijua. Mkono mtupu haulambwi, na wenye mali wa dunia nzima waifahamu methali hiyo kuliko sisi. Kwa hiyo hawana haja ya kuwatisha watu. Hatukumwamuru aiache kazi leo, maana lile jambo la tatu halijamfika, na mtu halaumiwi kwa mtihani ambao hajautiwa. Lakini tulimwomba aanze kuweka akiba kidogo kidogo, ili siku hiyo ikija asikose uwezo wa kusema hapana. Uhuru wa ulimi huanza katika kibindo. Asiye na chakula cha juma moja ni shida kumtaka awe na neno lake mwenyewe, na hili lawahusu waandishi wetu wote wanaolipwa kidogo, kisha tukawashangaa wakikubali safari na bahasha.

Ama nyinyi wasomaji, wajibu wenu si mdogo. Tumeamrishwa kuihakikisha khabari iletwayo, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Fanyeni kama walivyofanya wazee barazani: sikilizeni huku na kule. Someni herufi ndogo mwisho wa khabari. Na gazeti mnalolipenda lilipieni wenyewe, kwa maana gazeti msilolilipia nyinyi yuko mwingine alilipiaye, naye hafanyi hivyo bure.

Nasi tumekwenda kwa mfadhili wetu, tukamshukuru, na tukamwambia kuwa kuanzia sasa hatutapokea kwake cha karatasi, mpaka jambo la nyumba ile limalizike kwa haki. Hakufurahi. Tumekwenda pia kwa yule mjane tukamtaka radhi. Alituuliza kwa nini tumechelewa, wala hatukuwa na jibu la kumpa. Khabari ya nyumba ya wakfu imo ukurasa wa pili. Mkiona toleo hili lina kurasa nne badala ya nane, sababu yake mmeisoma.